Pasipoti ina jina la baba, tiketi ya meli ina jina la mume: je, nitaruhusiwa kupanda?

Binti_Tanga (Houston) ameandika:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa wale waliokwisha kusafiri kwa meli za kitalii kutoka bandari za Marekani, na hasa akina dada waliobadilisha jina baada ya kuolewa, maana kila ninayemuuliza ananijibu tofauti na aliyetangulia.

Nilizaliwa Tanga, nikaja huku na wazazi wangu, na mwaka 2019 nikaapa uraia nikiwa bado sijaolewa. Kwa hiyo cheti changu cha uraia kina ubini wa baba yangu, na pasipoti yangu ya Marekani, ambayo ina umri wa miaka mitatu sasa, nayo ina ubini huohuo. Mwaka huu tulifunga ndoa. Nilikwenda kwanza ofisi ya Hifadhi ya Jamii nikapata kadi yenye jina la mume wangu, kisha nikabadilisha leseni ya udereva, kwa sababu sheria ya Texas inampa mtu siku 30 tu za kuarifu kwamba jina lake limebadilika. Pasipoti niliiacha kama ilivyo. Sikuwa na safari, na sikuona sababu ya kutoa pesa kwa kitabu ambacho bado kina miaka saba ya kuishi.

Sasa mume wangu, kwa mapenzi yake, amenishtukiza kwa safari ya siku tano itakayoanzia Galveston hapa Texas, ipitie Cozumel na Progreso huko Mexico, kisha irudi Galveston. Amekwisha kulipa, na kwenye fomu ya kuwekea nafasi ameniandika kwa ubini wake. Nilipomuuliza kwa nini hakutazama pasipoti, alinijibu kwamba hakuoa pasipoti. Meli itaondoka baada ya wiki saba. Na kwa kuwa fungate yetu imechelewa, tumeamua kwenda na mama yangu mzazi (msicheke), ambaye si raia wa Marekani bali ana grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, na pasipoti ya Tanzania.

Ninachotaka kujua ni kama niharakishe kubadilisha pasipoti ili ifanane na tiketi, au kama cheti cha ndoa kitatosha kueleza tofauti hiyo pale bandarini. Shemeji yangu anasema nisihangaike kabisa, kwa kuwa meli zinazotoka na kurudi Galveston hazidai pasipoti, na leseni peke yake inatosha. Je, ni kweli? Na kuhusu mama, niangalie nini?

Wakala_wa_Bandarini (Florida) amejibu:

Dada Binti_Tanga, hongera kwa ndoa, na mpe pole mumeo, kwa sababu kosa alilolifanya ndilo ninalolirekebisha mara nyingi kuliko mengine yote katika kazi hii. Nimekuwa nikiuza safari za meli kwa miaka mingi, na waume wapya ndio wateja wangu wagumu zaidi.

Jambo la msingi ni hili: mtu anayekupokea pale gatini hana haja ya kujua unaitwaje nyumbani wala serikali ya Texas imekuandikaje. Anatazama kama jina lililo kwenye tiketi ndilo lililo kwenye hati unayomkabidhi. Kabla meli haijang'oa nanga, kampuni inatakiwa kutuma orodha ya abiria wote kwa njia ya kielektroniki kwa idara ya serikali inayosimamia forodha na mipaka, si chini ya dakika 60 kabla ya kuondoka, na orodha hiyo hubeba jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hati. Ukiandikwa kwa ubini wa mume pamoja na namba ya pasipoti yenye ubini wa baba, maana yake ni kwamba wametuma taarifa za mtu ambaye kwenye kumbukumbu za pasipoti hayupo. Wakati mwingine hilo hutatuliwa palepale kwa cheti cha ndoa na tabasamu. Wakati mwingine unakalishwa pembeni huku wengine wakipanda. Sikushauri uingie kwenye bahati nasibu hiyo kwa kitu kinachorekebishika leo kwa simu moja.

Kwa hiyo njia ni mbili: kuivuta pasipoti iifuate tiketi, au kuivuta tiketi iifuate pasipoti. Kwa hali yako, vuta tiketi.

Nitaeleza kwa nini, maana wengi huona kwamba kubadilisha pasipoti ndiyo njia safi zaidi. Mtu ambaye pasipoti yake haijatimiza mwaka tangu itolewe, na jina lake nalo limebadilika ndani ya mwaka huo, hutumia fomu DS-5504 na halipi ada yoyote isipokuwa akitaka iharakishwe. Wewe umepitwa na dirisha hilo kwa miaka miwili. Iliyobaki kwako ni fomu DS-82, yenye ada ya dola 130, ambayo hutumwa kwa posta pamoja na picha, nakala ya cheti cha ndoa iliyothibitishwa, na pasipoti yenyewe. Huwezi kutumia ule utaratibu wa kuhuisha pasipoti kwa intaneti uliofunguliwa kwa umma mwaka 2024, kwa sababu haupokei watu wanaobadilisha jina. Muda wa kawaida unaotangazwa ni wiki nne hadi sita, lakini hapo hawajahesabu safari ya bahasha: inaweza kuchukua hadi wiki mbili kuwafikia, na hadi wiki mbili nyingine kukurudia. Jumlisha mwenyewe uone kama wiki saba zinatosha. Huduma ya haraka, kwa nyongeza ya dola 60, hushusha muda huo hadi wiki mbili au tatu, nayo pia bila kuhesabu posta.

Usisahau pia kwamba siku unapotia bahasha hiyo posta, umejivua hati yako bora kuliko zote. Pasipoti ya zamani hubatilishwa, na cheti chako cha ndoa mara nyingi hurudi katika bahasha nyingine, pengine wiki kadhaa baada ya pasipoti mpya. Nimewahi kuwa na mteja aliyefika wiki ya safari akiwa na pasipoti mpya mkononi na tiketi ya jina la zamani, kwa sababu alibadilisha kimoja akasahau kingine. Pasipoti yako ya sasa ni halali kabisa, wala hakuna sheria inayosema kwamba pasipoti hufa mwanamke anapoolewa. Itumie, rudi salama, kisha ibadilishe kwa utulivu.

Mumeo apige simu kwa kampuni au kwa wakala aliyemuuzia, aseme wazi kwamba anarekebisha ubini wa abiria yuleyule, wala hambadilishi abiria. Hayo ni mambo mawili tofauti kwao: la kwanza kwa kawaida ni jepesi, la pili linaweza kuhesabiwa kama kufuta nafasi na kuuza upya. Awe na tarehe yako ya kuzaliwa na namba ya pasipoti mbele yake, na aombe waraka mpya wa uthibitisho utumwe kwa barua pepe. Akishapata, afungue na asome herufi moja moja. Siku ya safari beba nakala ya cheti cha ndoa iliyothibitishwa, hata kama hutaulizwa, kwa kuwa leseni yako na pasipoti yako sasa hazifanani, na kuna siku mtu atakuomba zote mbili.

Shemeji yako amesema nusu ya kweli. Tangu tarehe 1 Juni 2009 kila anayeingia Marekani kwa bahari au nchi kavu hudaiwa pasipoti au hati inayolingana nayo, lakini raia wa Marekani anayesafiri kwa meli inayoanza na kumaliza safari katika bandari ileile ya Marekani amesamehewa: anaweza kutumia kitambulisho chenye picha kilichotolewa na serikali pamoja na ushahidi wa uraia, kama vile cheti cha kuzaliwa au cheti cha uraia. Hivyo vyote viwili, si leseni peke yake. Hata leseni yenye nyota inayoitwa Real ID, ambayo viwanja vya ndege vilianza kuidai tarehe 7 Mei 2025, haithibitishi uraia, kwa sababu mwenye grinikadi naye anaipata. Kuna leseni maalumu zinazothibitisha uraia, lakini hutolewa na majimbo matano tu, yaani Michigan, Minnesota, New York, Vermont na Washington. Texas haimo.

Kwa aliyezaliwa nje kama wewe, msamaha huo maana yake ni kubeba cheti halisi cha uraia baharini. Mimi nisingethubutu. Kikipotea au kikilowa, utajaza fomu N-565 na kusubiri kwa miezi. Na ukiachwa na meli Cozumel kwa sababu ulichelewa sokoni, utarudi nyumbani kwa ndege, na kwenye ndege ya kimataifa msamaha wa meli hauna maana yoyote.

Mama_Pacha (Ohio) amejibu:

Naongezea yaliyonikuta, ili shemeji naye asome.

Mimi nilizaliwa hapahapa Columbus kwa wazazi kutoka Mombasa, kwa hiyo nina cheti cha kuzaliwa cha Ohio chenye ubini wa baba, na leseni yenye ubini wa mume. Tuliambiwa kwamba kwa safari ya kwenda Bahamas na kurudi Florida hivyo viwili vinatosha, na kweli vinatosha, isipokuwa kwamba vinamtaja mwanamke mmoja kwa majina mawili. Nilijua hilo, na kwa kujiamini nikabeba cheti cha ndoa. Tatizo ni kwamba nilibeba kile tulichopewa kanisani siku ya harusi: karatasi nene ya rangi ya maziwa, maua ya dhahabu pembeni, saini ya mchungaji na ya mashahidi. Hata fremu tuliitoa asubuhi hiyohiyo.

Yule dada wa mapokezi aliitazama, akaigeuza nyuma, akaniuliza muhuri wa kaunti uko wapi. Sikuwa na jibu. Akanieleza kwa upole kwamba karatasi ile inaonyesha kwamba tulisherehekea, lakini haionyeshi kwamba ndoa yetu iliandikishwa. Kinachohitajika ni nakala inayotolewa na ofisi iliyoiandikisha ndoa, yenye muhuri na saini ya msajili. Ilikuwa siku ya Jumapili, ofisi za kaunti zimefungwa. Mume wangu aliwapigia simu ndugu zake kumi hivi, kana kwamba mmoja wao angeweza kufungua ofisi ya serikali. Saa kumi jioni tulisimama ufukweni na watoto tukiitazama meli ikitoka bila sisi. Pesa hazikurudi, kwa sababu masharti tuliyoyatia saini yalisema kwamba hati ni jukumu la abiria, na nikiwa mkweli ni kwamba yalisema hivyo kwa herufi za kuonekana.

Kwa hiyo dada, hata kama utasafiri kwa pasipoti, nenda kwa karani wa kaunti mlikoandikishia ndoa na uchukue nakala zenye muhuri, si moja bali tatu. Moja itaenda na maombi ya pasipoti utakaporudi, moja itakaa nyumbani, moja itasafiri nawe. Usibebe ya kupiga picha kwa simu. Na kwa wale ambao wameolewa zaidi ya mara moja, kumbukeni kwamba mnyororo unatakiwa ukamilike: kama cheti cha kuzaliwa kina jina la kwanza na leseni ina jina la mume wa pili, lazima kila badiliko la katikati liwe na karatasi yake, ikiwa ni pamoja na amri ya talaka. Dada yangu mkubwa alilazimika kutafuta talaka ya mwaka 1998 kwa ajili ya safari ya siku nne.

Kaka_Mwendokasi (Dallas) amejibu:

Mimi sikubaliani na Wakala katika jambo moja. Houston ipo ofisi ya pasipoti inayopokea watu ana kwa ana, na mwenye safari ya nje ya nchi ndani ya siku 14 anaweza kuomba miadi na kuondoka na pasipoti ndani ya siku chache. Kwa nini dada asisubiri hadi wiki mbili za mwisho, aende pale, abadilishe kila kitu kwa mkupuo, na asafiri kwa jina lake halisi? Sioni raha ya mtu kwenda fungate yake kwa jina la baba yake.

Wakala_wa_Bandarini amejibu:

Kaka, ofisi ipo na utaratibu upo, lakini miadi haina dhamana. Unapiga simu, na wakikuambia kwamba Houston imejaa wanakupa mji mwingine ulio na nafasi, nawe unapanda ndege kwenda kuomba ruhusa ya kupanda meli. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya aliyekwama, na dada hajakwama: ana pasipoti halali kabatini. Zaidi ya hayo, kampuni za meli hutaka taarifa za hati zijazwe mapema wakati wa kujiandikisha kwa intaneti, na namba ya pasipoti mpya hataijua hadi siku chache kabla ya kuondoka.

Kuhusu jina la baba, hilo ni la moyoni, na mimi nauza tiketi tu.

Mpemba_wa_Montreal amejibu:

Asalaam alaykum. Nimesoma mjadala huu kwa udadisi, kwa sababu kwetu visiwani mwanamke haachi jina la baba yake anapoolewa. Unaolewa, unazaa, unafiwa, na bado wewe ni binti wa fulani. Nilipohamia Quebec nilikuta sheria ya huku inafanana na desturi yetu kwa njia ya ajabu: tangu mwaka 1981 mke na mume kila mmoja hubaki na jina lake la kuzaliwa katika shughuli za kiserikali, apende asipende. Kwa hiyo tatizo la dada Binti_Tanga silijui.

Lakini ninalijua lingine linalokaribiana nalo, na nadhani litawahusu wengi hapa. Majina yetu ni matatu: langu, la baba, la babu. Kwenye pasipoti yangu la babu limekaa mahali pa ubini. Mume wangu alipoweka nafasi za safari yetu ya kutoka Miami, aliandika jina langu na la baba tu, kama watu wanavyoniita, na la babu likaachwa. Hakuna aliyeolewa wala aliyebadilisha chochote, na bado tiketi na pasipoti vilikuwa watu wawili. Tulirekebisha kwa simu, kama alivyosema Wakala. Namshauri kila mwenye majina matatu asiandike tiketi kwa kichwa chake. Afungue ukurasa wenye picha, ashuke hadi ile mistari miwili ya chini iliyojaa alama za mshale, na anakili kama ilivyo, kwa sababu mashine husoma hiyo.

Niongeze pia kwamba ule msamaha wa meli zinazorudi bandari ileile ni wa raia wa Marekani. Sisi wa Kanada hatumo. Wengine hapa wana ndugu wa pande zote mbili za mpaka, na nimeona familia ikiambiana kwamba cheti cha kuzaliwa kinatosha, bila kuuliza ni cheti cha nchi gani.

Binti_Tanga ameandika:

Nawashukuru sana. Nimemsomea mume wangu kisa cha Mama_Pacha, akanyamaza, kisha akachukua simu. Kampuni imekubali kurekebisha ubini wangu uwe kama ulivyo kwenye pasipoti, hawajatutoza chochote, na uthibitisho mpya umefika. Nimeusoma herufi moja moja. Kesho nakwenda kwa karani wa kaunti kuchukua nakala tatu.

Sasa limebaki la mama, na nimegundua kwamba ni gumu kuliko langu. Grinikadi yake ina ubini wa marehemu baba yangu, kwa sababu alipokuja huku alitumia pasipoti ya zamani yenye jina la ndoa. Baadaye aliporudi nyumbani kuchukua pasipoti mpya ya kielektroniki, waliifuata kumbukumbu ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ambako ameandikwa kwa jina la baba yake mzazi. Kwa hiyo ana hati mbili halali zenye ubini mbili tofauti, na zote mbili anazihitaji. Tiketi yake iandikwe kwa ipi?

Wakala_wa_Bandarini amejibu:

Mfikishie mama shikamoo yangu. Hali yake ni ya watu wengi kuliko unavyodhani.

Kwake hati hizo mbili zina kazi mbili. Pasipoti ya Tanzania inamtambulisha kwa nchi anayoitembelea, na grinikadi ndiyo inayomrudisha Marekani. Mexico haimdai viza mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani, lakini hilo lina maana tu kama ataweza kuonyesha kwamba aliyeandikwa kwenye grinikadi ndiye aliyeandikwa kwenye pasipoti. Kwa hiyo kiungo kati yake ni cheti cha ndoa yake na marehemu baba yako. Kama ndoa iliandikishwa serikalini, RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, wanaweza kutoa nakala. Kama cheti kimeandikwa kwa Kiswahili, kitafutieni tafsiri ya Kiingereza iliyotiwa saini na mtafsiri, na vibebwe pamoja.

Kuhusu tiketi, kwa kawaida mimi huandika kwa jina la pasipoti, kisha naiarifu kampuni kwa maandishi kwamba abiria ana grinikadi yenye ubini mwingine, naambatanisha picha za hati zote tatu, na kuomba jibu la maandishi linaloingizwa kwenye kumbukumbu ya nafasi yake. Usiridhike na jibu la simu, kwa sababu aliyekujibu kwa simu hatakuwepo Galveston. Kama watasema wanataka iandikwe kwa jina la grinikadi, fuata wanavyotaka wao na uhifadhi barua pepe hiyo. Kila kampuni ina masharti yake kwa wasio raia, na wao ndio wenye ngazi ya kupandia. Hakikisha pia kwamba hati zote mbili hazijaisha muda.

Usianze kurekebisha grinikadi sasa kwa fomu I-90. Hilo lifanyike mkirudi, maana ni shughuli ya miezi, na hutaki mama awe katikati ya maombi huku amesimama kwenye foleni ya forodha.

Mama_Pacha amejibu:

Na mama asimame nawe kwenye foleni, wala asitangulizwe kwenye ule mlango wa wazee na viti vya magurudumu. Karatasi zenye maelezo ziwe kwako, kwenye mkoba wa mkononi. Mizigo mikubwa huchukuliwa mlangoni na hutaiona tena hadi jioni.

Binti_Tanga ameandika:

Kampuni imejibu kwa barua pepe: tiketi ya mama iwe kwa jina la pasipoti, grinikadi na cheti cha ndoa vionyeshwe pamoja. Nakala yenyewe ameifuatilia binamu yangu Tanga, ameipata, na iko njiani na msafiri anayekuja Houston wiki ijayo. Ndoa ya wazazi wangu iliandikishwa mwaka 1983 na karatasi ni ya Kiingereza, kwa hiyo tafsiri haitahitajika.

Mume wangu ana swali moja la mwisho, na ameniomba niliulize bila kumtaja: kwenye kadi ya kufungulia chumba, mke wake ataandikwa jina la nani?

Wakala_wa_Bandarini amejibu:

La baba mkwe. Kadi hutolewa kutoka kwenye orodha ileile ya abiria. Mwambie avumilie siku tano, na fomu ya DS-82 aianze kuijaza mkiwa njiani kurudi.